Maisha ya Bwana Harry Ferguson, Aliyelifunga Jembe Mgongoni mwa Trekta

Wanachama wenzetu wa Ilongero na wa vijiji vyote vilivyo chini ya Chama Kikuu chetu mnajua ya kwamba katika kila Mkutano Mkuu wa miaka hii ya karibuni liko neno moja linalorudi daima, nalo ni neno la mashine za kuvunia. Sisi ni wakulima wa mazao ya mabua marefu. Tunalima alizeti, mtama, uwele na mahindi. Katika kulima tumekwisha pata wasaidizi: kwanza plau ya ng'ombe, kisha trekta la kukodi. Lakini kuvuna bado ni kazi ya mkono na kisu, na ya migongo ya mama zetu. Mvua ikikatika na mashuke yakikauka, kila nyumba huhitaji watu siku zile zile, na jirani hawezi kumsaidia jirani kwa kuwa naye ana la kwake. Kwelea kwelea nao hawamngoji mtu. Alizeti iliyochelewa shambani hupukutika, mtama uliochelewa huanguka, na hasara ya siku hizo haiandikwi katika daftari lolote la Chama, maana haikufika ghalani ikapimwa.

Kwa sababu hiyo, Kamati ilipotuagiza kuandika katika kijitabu hiki cha ukumbusho wa miaka kumi habari za maisha ya mtu mmoja mashuhuri wa zamani, hatukusumbuka sana kuchagua. Tumemchagua Bwana Harry Ferguson, ambaye nusu ya jina la trekta la Massey Ferguson ni jina lake. Wengi wetu tumelisoma jina hilo ubavuni mwa bodi nyekundu tangu utoto bila kujua kwamba lilikuwa jina la mtu, tena mtoto wa mkulima, aliyekuwa mwembamba wa mwili, mwepesi wa hasira, na mwenye kuchukia tope.

Alizaliwa tarehe 4 Novemba, 1884, mahali paitwapo Growell, katika jimbo la Down, kaskazini mwa Ireland. Alikuwa mtoto wa nne katika watoto kumi na mmoja wa Bwana James Ferguson. Baba yake alikuwa mkulima mwenye shamba la kutosha, mtu wa dini kali, na nyumbani mwake hapakuwa na mchezo. Kijana Harry hakuipenda dini ya baba yake wala hakuipenda kazi ya shamba. Alikiona kilimo kuwa ni kujichosha bure nyuma ya farasi, kutoka alfajiri mpaka jua kuzama, katika nchi yenye mawe na mvua isiyokoma. Twataka msomaji ayashike hayo mawe, kwa kuwa yatarudi mbele. Nchi ya Down si kama Singida kwa mambo mengi, lakini katika jambo la mawe ndani ya shamba wakulima wa pande hizi mbili wangeelewana bila mkalimani.

Mwaka wa 1902 aliondoka nyumbani akaenda mji wa Belfast, kwa kaka yake Joe, aliyekuwa na karakana ya kutengeneza baiskeli na motokaa. Huko ndiko alikokuta kazi yake. Jioni alisoma katika chuo cha ufundi, na mchana alijifunza kuisikiliza injini kama mchungaji anavyosikiliza ng'ombe wake. Alishindana katika mbio za pikipiki. Kisha habari za ndege zilipoanza kuenea ulimwenguni, akaunda ndege yake mwenyewe, na tarehe 31 Desemba, 1909, akairusha huko Hillsborough. Alikwenda hewani kiasi cha mita 120 tu, lakini yeye ndiye mtu wa kwanza kuruka kwa ndege katika nchi ya Ireland. Mwaka uliofuata aliruka maili tatu kando ya bahari akapata tuzo ya pauni 100. Mambo ya ndege tutayaacha hapo, ingawa ni matamu. Yalimfundisha kitu kimoja kilichomfaa baadaye, yaani kwamba uzito usiokuwa na kazi ni adui wa mashine.

Mwaka wa 1911 alifungua biashara yake mwenyewe ya motokaa mjini Belfast, na mwaka wa 1913 akamwoa Bibi Maureen Watson. Ndipo vikaja Vita Vikuu vya Kwanza. Chakula kilipungua, na Serikali ikataka ardhi kubwa zaidi ilimwe kwa matrekta. Mwaka wa 1917 Idara ya Kilimo ya Ireland ilimwomba Bwana Ferguson azunguke nchini kuyakagua matrekta na kuwaonyesha wakulima namna ya kuyatumia vema. Alisafiri pamoja na fundi wake, Bwana William Sands, na aliyoyaona katika safari hiyo ndiyo yaliyogeuza maisha yake.

Trekta la siku hizo lilikuwa gari la chuma zito, na plau ilikuwa kitu kingine kabisa, chenye magurudumu yake, kilichofungwa nyuma kwa mnyororo au kwa ndoano kama mkokoteni. Ili trekta lisiteleze lilitengenezwa zito. Na kwa kuwa lilikuwa zito, liliigandamiza ardhi likala mafuta mengi. Hayo yangevumilika. Ubaya mkubwa ulikuwa pale plau ilipogonga jiwe au kisiki. Plau husimama, magurudumu ya nyuma nayo hushindwa kuendelea, lakini injini haijui habari hiyo, inazidi kuzunguka. Basi mbele ya trekta huinuka juu, likapinduka kinyumenyume, likamwangukia dereva aliyekaa kitini. Watu wengi walikufa kwa namna hiyo, hasa katika matrekta mepesi ya Fordson ambayo Bwana Henry Ford wa Marekani alianza kuyauza kwa wingi mwaka huo huo wa 1917.

Wengine waliyaona mambo hayo wakasema trekta lizidishiwe uzito mbele. Bwana Ferguson alisema la, kosa limo katika kile kiungo. Trekta na jembe lake, kwa mawazo yake, vilipaswa kuwa mwili mmoja, kama mkono na kidole. Alianza kwa kutengeneza plau iliyobebwa na gari lenyewe, isiyo na magurudumu yake, ambayo dereva aliweza kuiinua kwa mkono wa chuma bila kushuka kitini. Kisha kwa miaka kama 8 yeye na Bwana Sands waliunda, wakabomoa, wakaunda tena. Mwaka wa 1925 aliomba hati ya kulinda uvumbuzi wa kuinua na kuongoza jembe kwa nguvu ya mafuta yanayosukumwa na pampu ndani ya trekta.

Hapana budi tueleze kidogo jinsi chombo hicho kinavyofanya kazi, maana madereva wengi wanakitumia kila siku bila kuelezwa. Nyuma ya trekta ipo mikono mitatu. Miwili iko chini, mmoja kushoto na mmoja kulia. Hiyo ndiyo inayovuta jembe. Wa tatu uko juu katikati, nao haukuwekwa kwa kuvuta. Jembe linapoingia ardhini, udongo hulisukuma kwa chini likataka kubirua, na ule mkono wa juu hulizuia kwa kusukumwa mbele kuelekea trekta. Kwa hiyo nguvu ile ile ya udongo, ambayo zamani iliinua mbele ya trekta, sasa huyagandamiza magurudumu ya mbele yakae chini. Tena mkono huo wa juu unasukuma springi. Jembe likizama kupita kiasi, springi hubanwa, hufungua mlango wa mafuta, na mafuta huliinua jembe kidogo. Likipanda juu mno, springi hulegea na jembe hushuka. Wakati huo huo uzito wa jembe na wa udongo ulio juu yake hubebwa na magurudumu ya nyuma, yakashika ardhi. Ndiyo sababu trekta jepesi laweza kulima kazi ya trekta zito. Na jembe likigonga jiwe, ule uzito uliokuwa juu ya magurudumu ya nyuma huondoka mara moja, magurudumu yakateleza mahali pamoja, na dereva yu hai.

Wale wa Merya na Mtinko wanaolima kando ya miamba wameyaona magurudumu yakizunguka hivyo, wakadhani trekta limekosa nguvu. Siyo; limemwokoa mtu.

Kuvumbua kulikuwa kazi, lakini kumpata wa kulitengeneza na kuliuza trekta hilo kulikuwa kazi zaidi. Mwaka wa 1933 Bwana Ferguson alikamilisha trekta lake la kwanza la mfano, lililopakwa rangi nyeusi. Mwaka wa 1936 alipatana na Bwana David Brown wa Huddersfield, Uingereza, nao wakaanza kuuza trekta lililoitwa Ferguson-Brown. Bei yake ilikuwa pauni 224, na kila kifaa cha kufungwa nyuma kiliuzwa pauni 26. Wakulima walilisifu, kisha wakaenda kununua Fordson kwa bei ndogo zaidi. Matrekta kama 1,350 tu ndiyo yaliyotengenezwa. Sisi tunaofanya kazi ya kuandika maombi ya pembejeo hatushangai hata kidogo. Mkulima huipenda mashine kwa macho, lakini hununua kwa mfuko. Tena mtu aliyekwisha nunua trekta la Ferguson alilazimika kununua na plau yake, maana ile ya zamani haikufungika.

Bwana Brown alitaka kulibadili trekta liwe kubwa zaidi. Bwana Ferguson, ambaye hakujua kukubali shauri la mtu, alikataa. Mwezi wa Oktoba mwaka wa 1938 akalipakia trekta moja melini akaenda nalo Marekani, kwa Bwana Henry Ford mwenyewe. Huko Dearborn, katika shamba la Bwana Ford, trekta hilo dogo lililinganishwa na matrekta mengine, likayashinda. Ikaletwa meza na viti shambani, na wazee wawili hao, wote wawili watoto wa wakulima wenye asili ya Ireland, wakazungumza. Bwana Ferguson alikuwa na trekta dogo la kuchezea alilolitumia kuonyesha nguvu zinavyokwenda. Mwisho walipeana mkono: Ford atatengeneza, Ferguson atabuni na kuuza. Hapakuandikwa hata mstari mmoja.

Trekta la Ford na Ferguson lilitoka mwezi wa Juni mwaka wa 1939, likauzwa kwa dola 585. Kufika mwaka wa 1947 yalikuwa yametengenezwa matrekta zaidi ya 300,000. Lakini mzee Ford aliuachia uongozi mjukuu wake mwaka wa 1945, naye mjukuu aliona kampuni inapata hasara katika mapatano hayo. Mapatano yakavunjwa, na kampuni ya Ford ikatoa trekta lake yenyewe, likiwa na mikono mitatu ile ile nyuma yake. Mwezi wa Januari mwaka wa 1948 Bwana Ferguson alifungua mashtaka akidai dola milioni 251. Kesi iliendelea miaka minne, mawakili wakanenepa, na mwezi wa Aprili mwaka wa 1952 akapokea dola milioni 9 na robo pamoja na ahadi kwamba Ford wataacha kutumia sehemu fulani za chombo chake. Yeye aliuita huo ushindi. Makatibu wa vyama vya msingi ambao wamewahi kuuza alizeti kwa mnunuzi aliyeahidi kwa mdomo tu, kisha siku ya malipo akataja bei nyingine, wataipima wenyewe hesabu hiyo.

Wakati kesi inaendelea alikuwa amekwisha pata kiwanda kingine. Tangu mwaka wa 1946 kampuni ya Standard ilimtengenezea matrekta huko Coventry, Uingereza. Hilo ndilo lile trekta dogo la rangi ya kijivu, TE20, ambalo nguvu yake haikufika nguvu ya farasi 30 na uzito wake ulikuwa kama kilo 1,100. Mpaka mwaka wa 1956 yalikuwa yametoka zaidi ya 500,000, yakaenda kila bara. Lilikuwa na mambo mawili ambayo twayapenda kupita mengine. La kwanza, magurudumu yake yaliweza kusogezwa ndani au nje, kutoka inchi 48 mpaka inchi 76, kila hatua inchi 4, ili yapite kati ya mistari ya mazao bila kuyakanyaga. La pili ni spana. Bwana Ferguson aliagiza nati za trekta na za vifaa vyake ziwe za vipimo vichache tu, hata mkulima akawa na spana moja ya kurekebishia karibu kila kitu. Na spana hiyo ilitiwa alama za inchi iwe rula pia. Mwenye kujua jinsi siku nzima inavyoweza kupotea shambani kwa kutafuta spana ya namba kumi na tisa atamwombea mtu huyu mema.

Alikuwa pia mtu wa kujionyesha kwa ajili ya mashine yake. Mwaka wa 1948 alilileta trekta ndani ya hoteli kubwa ya Claridge's mjini London, mbele ya wageni waalikwa, kisha akaliendesha mwenyewe kushuka ngazi za hoteli mpaka barabarani, akiwa amevaa suti safi.

Katika miaka hiyo hiyo, hapa kwetu Tanganyika, jirani zetu wa Kongwa walikuwa wakiona aina nyingine kabisa ya kilimo cha mashine. Serikali ya Uingereza ilianza mwaka wa 1947 mradi mkubwa wa karanga, ikikusudia kulima eka zaidi ya milioni 3. Yaliletwa matrekta makubwa yaliyosalia vitani, hata na vifaru vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Mizizi ya miti iliyavunja majembe. Jua lilipowaka baada ya mvua, udongo ulikauka kama saruji, karanga zikashindikana kung'olewa. Walijaribu pia alizeti, ukame ukaikuta. Mwezi wa Januari mwaka wa 1951 mradi ulitangazwa kuachwa, na pauni milioni 36 zikawa zimepotea. Hatusemi kwamba matrekta madogo ya Bwana Ferguson yangeuokoa mradi ule, mvua haikodishwi. Lakini mwaka ule ule mtu mmoja aliiona mashine kubwa kuwa dawa ya njaa, na mwingine aliona mashine ndogo katika shamba la mkulima mdogo kuwa ndiyo dawa, na sisi wenye eka tatu na nne twajua ni nani kati yao aliyekuwa akituwaza watu wa namna yetu.

Sasa tufike kwenye kuvuna, ambako ndiko tulikotaka kufika tangu mwanzo.

Bwana Ferguson alikusudia kila kazi ya shamba ifanywe na kifaa kinachobebwa na mikono mitatu: plau, haro, mashine ya kupandia, ya kupalilia, ya kukatia majani. Vingi kati ya hivyo alifaulu. Kuvuna nafaka ndiko kulikomshinda kwa muda mrefu, na sababu yake ni rahisi kuiona kwa mtu aliyesimama katika shamba la mtama. Jembe hufuata nyuma ya trekta, nalo halina neno, kwa kuwa mbele ya trekta hakuna kitu cha kuharibu. Lakini zao lililosimama liko mbele. Mashine ya kuvunia ikifungwa nyuma, trekta litakuwa limekwisha kulala juu ya mabua kabla mashine haijayafikia. Na kadiri bua linavyokuwa refu, ndivyo madhara yanavyozidi: majani yafupi yaweza kuinuka tena, bua la alizeti likivunjika halisimami.

Njia iliyopatikana ni kuipeleka mashine ubavuni. Hufungwa nyuma kwenye mikono, lakini mdomo wake hutokeza upande wa kulia wa trekta, hata trekta likawa linapita mahali palipokwisha vunwa na mdomo unakula mstari ulio kando. Mistari ya kwanza ya ukingoni yapasa ivunwe kwa mkono ili trekta lipate njia ya kuingilia. Nguvu ya kuendesha mashine hutoka katika shafti iliyo nyuma ya trekta, ambayo kwa desturi iliyokubaliwa duniani huzunguka mara 540 kwa dakika.

Miaka ya mwanzo ya 1950 wahandisi wa Bwana Ferguson walitengeneza kielelezo cha kombaini nzima iliyobebwa ubavuni mwa trekta lake dogo, ikikata, ikipura na kupepeta. Lilikuwa wazo la ujasiri. Kombaini ya kujiendesha yenyewe ina injini yake na magurudumu yake, hufanya kazi majuma machache kwa mwaka, na miezi mingine yote hukaa chini ya bati ikila mtaji wa mwenyewe. Bwana Ferguson alisema injini ipo tayari katika trekta. Kwa nini mkulima anunue injini ya pili? Alikwenda na jambo hilo kwa kampuni ya Massey-Harris ya Kanada, ambayo ndiyo iliyokuwa bingwa wa kombaini za kujiendesha tangu mwaka wa 1938, kwa ufundi wa Bwana Thomas Carroll, mzaliwa wa Australia. Watu wa Kanada hawakupendezwa sana na kombaini ya ubavuni. Kuifunga na kuifungua ni kazi, na uzito wake wote uko upande mmoja. Haikupata kuenea kwa wakulima. Lakini mazungumzo yalizaa jambo jingine kubwa zaidi: mwezi wa Agosti mwaka wa 1953 kampuni hizo mbili ziliungana zikawa Massey-Harris-Ferguson, na miaka michache baadaye zikaitwa Massey Ferguson tu. Bwana Ferguson alilipwa hisa za dola milioni 16. Walipobishania dola milioni moja ya ziada, walirusha sarafu juu, naye akashindwa, akacheka.

Wazo lenyewe halikufa. Liliendelea kuishi katika mashine ndogo zaidi, hasa zile za mahindi za mstari mmoja, ambazo mpaka leo hutengenezwa katika nchi mbalimbali kwa kufungwa katika mikono mitatu ya trekta. Mashine hiyo ina pua mbili ndefu zilizochongoka, ambazo hupita kushoto na kulia kwa mstari na kuyainua mabua yaliyoinama. Minyororo huliongoza bua ndani. Humo mna roli mbili zinazozunguka kuelekeana, zikilivuta bua kwenda chini kwa nguvu. Bua jembamba hupita, lakini hindi ni nene, halipiti, hivyo hukatika likabaki juu likachukuliwa kwenye kikapu. Bua lote hubaki shambani, nasi tunaochunga ng'ombe twajua thamani yake.

Kwa alizeti na mtama ni habari nyingine. Hapo hakuna haja ya kulimeza bua lenye urefu wa mtu. Akili ni kukata chini kidogo ya kichwa. Visu huinuliwa juu, na kwa alizeti huwekwa mbele sahani ndefu za bati kati ya mistari ili mbegu zinazopukutika ziangukie humo badala ya kuanguka ardhini. Hapa lazima tuseme wazi kwa wanachama wote: mashine ya namna hiyo haisomi shamba lililopandwa kwa kutawanya mbegu. Inataka mistari iliyonyooka, yenye nafasi iliyo sawa, na mabua yenye urefu unaokaribiana. Anayeitaka mwezi wa Juni hana budi kuipanga mwezi wa Desemba, kwa kamba. Inataka pia mawe yaondolewe, kwa kuwa kisu cha kuvunia hakina ile springi ya plau.

Bwana Ferguson hakukaa sana na wenzake wapya. Alikuwa amezoea kuamuru, na kampuni kubwa huongozwa na kamati. Mwaka wa 1954 akajiuzulu, akarudi kwenye motokaa zake za ujana, akitafuta namna ya kuyafanya magurudumu yote manne yavute ili gari lisiteleze. Aliishi Abbotswood, katika jimbo la Gloucestershire, akiwa na mali nyingi na usingizi haba. Huzuni ilimjia na kuondoka, ikamjia tena. Januari tarehe 4 mwaka wa 1958 alisikia kwamba Bwana Edmund Hillary, yule aliyepanda mlima wa Everest, amefika Ncha ya Kusini ya dunia katika barafu tupu, akiendesha matrekta ya Ferguson ya kijivu yaliyofungwa minyororo magurudumuni. Alifariki nyumbani kwake tarehe 25 Oktoba, 1960, akiwa na umri wa miaka 75. Mwaka uliofuata, mwezi wa Septemba, gari la mashindano lililotengenezwa na kampuni yake, lenye kuvuta kwa magurudumu manne, lilishinda mbio za Oulton Park likiendeshwa na Bwana Stirling Moss.

Muda wa hati zake za uvumbuzi ulikwisha zamani, na mikono mitatu ikawa mali ya watu wote. Matrekta yaliyopita Ilongero katika miaka hii kumi ya Chama yametoka Uingereza, India, Poland na kwingineko, ya rangi nyekundu, buluu na kijani, na yote yana mikono hiyo. Vipimo vyake vimewekwa kwa madaraja. Daraja la kwanza ni la matrekta madogo, na pini za mikono yake ya chini zina unene wa milimita 22. Daraja la pili ni la matrekta ya wastani, ambayo ndiyo mengi huku kwetu, na pini zake ni milimita 28. Mwanachama au chama cha msingi kinachotaka kununua mashine ya kuvunia ya mstari mmoja na kipime kwanza pini za trekta litakaloibeba, kiulize nguvu yake ya farasi, na kihakikishe kwamba shafti yake inazunguka mara 540. Vipimo hivyo viandikwe katika barua ya maombi kabla haijaletwa ofisini kwetu, maana mwaka jana tulirudisha barua nne kwa sababu hazikuwa navyo.